Rili bapa au rili ya mviringo? Chumvi haiangalii umbo

Kama umewahi kutafuta rili ya kuvulia baharini, bila shaka umeshakutana na kauli hii: rili bapa ni ya ziwani, rili ya mviringo ni ya baharini. Wauzaji wanaisema, wavuvi wa burudani wanairudia, na mwisho inazoeleka mpaka mtu anaiona kama kanuni ya fizikia. Lakini si kanuni ya fizikia. Ni mazoea yaliyokuwa na sababu zake, baadhi ya sababu hizo zimeshapitwa na wakati, na kauli imebaki pale pale.

Leo tuihakiki. Hoja yangu ni kwamba umbo lenyewe linaamua mambo machache sana. Kinachoamua ni uzito wa bobini, ukubwa wa klachi na gia, na metali ipi imegusana na ipi. Na usidhani huu ni ubishi wa washabiki tu. Rili nzuri ni hela nyingi, kwa mwanafunzi inaweza kuwa kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Rili isiyofaa inakupotezea hela hiyo, na juu yake inamwacha samaki anakata mshipi na kwenda zake na ndoana mdomoni, huku makumi ya mita za nailoni yakibaki yamejizungusha kwenye matumbawe.

Kwanza tuelewane majina

Rili tunazozilinganisha hapa ni zile ambazo bobini yake inazunguka wakati wa kurusha. Ukirusha chambo, chambo kinavuta mshipi, mshipi unazungusha bobini, na kidole gumba chako kinakaa juu yake kama breki. Hii ni tofauti na rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake imetulia na mshipi unatoka kwa kupukutika pembeni.

Rili ya mviringo inaonekana kama kopo dogo lililolazwa juu ya fimbo: bao mbili za duara pembeni, bobini katikati. Rili bapa imeinamishwa mbele, mgongo wake uko chini, kiganja kinaifunika yote.

Neno moja zaidi: klachi. Ndani ya rili kuna sahani zinazobanwa na nati yenye umbo la nyota karibu na mpini. Samaki akivuta kuliko ulivyobana, sahani zinateleza na mshipi unatoka badala ya kukatika. Fundi gari ataielewa mara moja, manake kazi ni ileile ya klachi ya gari: kuruhusu kuteleza kwa kiasi.

Mviringo ulitoka wapi

Rili za aina hii zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 19 huko Kentucky, Marekani, na mmoja wa watengenezaji wa mwanzo kabisa, George Snyder, alikuwa fundi wa fedha na saa. Ukijua hilo, umbo linajieleza. Fundi saa ana mashine ya kukereza, na kitu rahisi kukitoa kwenye mashine ya kukereza ni duara. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya bahari.

Hadithi ikajirudia Sweden. Mwaka 1921 Carl August Borgström alianzisha kiwanda cha AB Urfabriken katika mji wa Svängsta. Kilitengeneza saa na mita za teksi kabla ya kugeukia rili, na miaka ya 1950 kikatoa Ambassadeur, rili ya mviringo ambayo mpaka leo watu wengi wanaifikiria wakisikia neno hilo. Mwaka huohuo wa 1921, mjini Sakai, Japani, Shozaburo Shimano alianzisha karakana ya vipuri vya baiskeli. Miaka ya 1970 kampuni hiyo ya Shimano ilishirikiana na Mmarekani Lew Childre kutengeneza rili iliyolala chini zaidi, inayokaa kiganjani, kwa ajili ya wavuvi wanaorusha na kuvuta siku nzima kwenye mabwawa ya maji baridi.

Kwa hiyo mviringo ulitokana na mashine ya fundi, na ubapa ukatokana na kiganja cha mvuvi wa bwawani. Ni kweli kwamba rili bapa za mwanzo hazikuundwa kwa ajili ya chumvi. Lakini hiyo ni historia ya rili zile, haitoshi kuwa hukumu ya kila rili bapa itakayotengenezwa duniani.

Kurusha: ni uzito

Utasikia watu wakisema rili ya mviringo hairushi chambo chepesi kwa sababu bobini yake ni pana. Tupige hesabu kidogo, haiumi.

Bobini iliyojaa mshipi ni kama diski. Nishati ya diski inayozunguka inategemea uzito wake, nusu ya kipenyo chake, na kasi ya mzunguko. Lakini kasi ya mzunguko inapangwa na kasi ya mshipi: diski kubwa inazunguka polepole zaidi kwa mshipi uleule. Ukiweka yote pamoja, kipenyo kinajifuta. Kinachobaki ni kwamba diski yenye uzito fulani inakula nishati sawa na kitu chenye nusu ya uzito huo kinachoruka kwa kasi ya mshipi.

Yaani bobini ya gramu 30, pamoja na mshipi wake, ni kama umefunga gramu 15 za ziada kwenye chambo chako, ila gramu hizo hazifiki mbali, zimebaki mkononi. Bobini ya gramu 80 ni kama umefunga gramu 40.

Sasa chukua chambo bandia cha gramu 10. Kwenye bobini ndogo, chambo kinapata 10 kati ya 25, yaani asilimia 40 ya nishati yote inayosafiri. Kwenye bobini kubwa kinapata 10 kati ya 50, asilimia 20 tu. Tofauti ni mara mbili. Badilisha chambo, weka cha gramu 60. Bobini ndogo inakiachia asilimia 80, kubwa inakiachia asilimia 60. Pengo limepungua sana.

Haya ni makadirio, kwa sababu bobini halisi haina uzito uliosambaa sawasawa kama diski. Lakini somo linabaki. Neno "mviringo" halikuingia popote kwenye hesabu hii, wala "bapa". Rili bapa kubwa iliyotengenezwa kubeba mshipi mwingi itakunyima umbali vilevile. Kwa chambo chepesi, rili bapa ndogo inashinda kwa haki, na inashinda kwa sababu bobini yake ni nyepesi.

Uzito huo una adhabu nyingine. Chambo kikishapaa, hewa inakipunguzia kasi, lakini bobini haijui habari hiyo. Inaendelea kuzunguka, inatoa mshipi ambao hakuna anayeuvuta, na ndani ya sekunde moja una tatizo la mafundo ambalo litakula nusu saa yako. Upepo wa mbele unazidisha mambo, na mvuvi wa ukanda wetu anayesimama ufukweni wakati wa kusi, akiwa ameelekea kusini mashariki, anaujua upepo huo usoni.

Ndiyo maana rili hizi zina breki za kurushia. Kuna breki za vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko vikasugua kingo. Nguvu yake inapanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi, kwa hiyo inabana sana mwanzoni na kuachia haraka. Kuna za sumaku, ambazo hazigusi kitu: bobini ya alumini ikipita mbele ya sumaku, mikondo ya umeme inazaliwa ndani ya metali na kupinga mzunguko. Hiyo inapungua taratibu zaidi, kwa hiyo inakusaidia mpaka mwishoni, pale upepo unapokiyumbisha chambo. Aina zote mbili utazikuta kwenye rili bapa na za mviringo. Kwa upepo wa mbele mimi ningechagua sumaku kabla ya kuuliza umbo.

Samaki akikimbia

Hapa ndipo watetezi wa mviringo wanapokuwa na hoja nzito, ingawa mara nyingi wanaieleza vibaya. Wanasema "ina nguvu". Nguvu gani?

Tuseme umebana klachi kwa kilo 5 na kolekole mkubwa ameamua kurudi kwenye mwamba. Anakimbia mita 5 kwa sekunde kwa sekunde 10. Ametoa mita 50 za mshipi, na klachi yako imegeuza kazi yote hiyo kuwa joto: nguvu ya nyutoni 49 mara mita 50, karibu jouli 2,450. Kwa sekunde hizo 10 rili yako ilikuwa hita ya wati 245 mkononi mwako.

Joto hilo linaenda wapi? Kwenye sahani na metali iliyo karibu nazo. Kama metali hiyo ni alumini ya gramu 30, inapanda takriban nyuzi 90 kabla joto halijapata nafasi ya kutoka. Kama ni gramu 60, inapanda nyuzi 45. Sahani zikichemka, msuguano unabadilika: klachi inaanza kushika na kuachia, na kila inaposhika mshipi unapigwa mshtuko. Wengi wanaosema samaki amekata mshipi, aliyekata ni klachi.

Rili za mviringo kwa kawaida zilikuwa na nafasi kubwa ya klachi na metali nyingi zaidi ndani. Hiyo ndiyo "nguvu" yao: mahali pa joto kwenda. Lakini siku hizi kuna rili bapa kubwa zilizotengenezwa kwa bahari, zenye sahani pana za nyuzi za kaboni. Ukizipima, nyingi zina karibu gramu 300 au zaidi, uzito uleule wa rili nyingi za mviringo. Unaona mchezo? Ili rili bapa iweze kazi ya mviringo, imebidi iongeze metali. Joto halikupunguza bei kwa sababu ya umbo.

Kuna jambo la pili ambalo karibu kila mlinganisho unalisahau. Klachi inabana mzunguko wa bobini, haibani mshipi moja kwa moja. Mshipi ukipungua, kipenyo kinapungua, na nguvu ileile ya klachi inageuka mvuto mkubwa zaidi kwenye mshipi. Umeanza na kipenyo cha milimita 40 na kilo 5. Samaki akikimbia mpaka kikabaki milimita 28, mvuto umefika kilo 7 na zaidi kidogo, na wewe hujagusa kitu. Bobini pana yenye mshipi mwingi inapoteza kipenyo polepole. Hapa umbo lina neno lake halali: rili bapa haiwezi kupanuka ovyo, kwa sababu ikipanuka kiganja hakiifuniki tena na faida yake yote imeondoka. Rili ya mviringo haina kizuizi hicho.

Kuvuta: mwendo au nguvu, chagua

Kwenye boksi la rili utaona namba kama 5.3:1 au 8.1:1. Ni mara ngapi bobini inazunguka ukizungusha mpini mara moja. Kwa bobini ya milimita 40, namba ya kwanza inakurudishia kama sentimita 67 za mshipi kwa mzunguko, ya pili kama sentimita 102. Inapendeza dukani. Lakini ukiwa na mpini wa milimita 50, kuvuta kilo 5 kwa gia ya 5.3 kunahitaji kilo 10.6 mkononi, na kwa gia ya 8.1 kilo 16.2. Hapo bado hatujahesabu msuguano.

Rili bapa nyingi zinauzwa kwa gia za kasi kwa sababu mvuvi wa bwawani anataka kurudisha chambo haraka na kurusha tena. Za mviringo nyingi zimebaki na gia za polepole. Halafu mtu anajaribu zote mbili na kusema "mviringo ina nguvu kuliko bapa". Hapana, amelinganisha gia. Ni sawa na kulinganisha baiskeli mbili, moja iko kwenye gia ya mlimani na nyingine ya tambarare, halafu ukasifu rangi ya fremu.

Pale rili bapa inapostahili sifa ni kiganjani. Imekaa chini, karibu na fimbo, mkono unaizunguka na kuizuia isiyumbe. Ukirusha mara 300 kwa asubuhi moja, kifundo cha mkono kitakwambia tofauti hiyo bila hesabu yoyote.

Chumvi

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji hayo yanapitisha umeme vizuri, na hilo ndilo tatizo hasa. Weka skrubu ya chuma cha pua ndani ya bao la alumini, lowesha kwa maji ya bahari, na umetengeneza betri. Alumini inatoa elektroni, inaliwa taratibu kuzunguka skrubu, inageuka unga mweupe. Skrubu yenyewe inabaki inang'aa, na siku unataka kuifungua haifunguki.

Magnesi ni mbaya zaidi, kwa sababu inatoa elektroni kwa urahisi kuliko alumini. Na ndiyo metali ambayo watengenezaji wengi wa rili bapa za maji baridi waliikimbilia ili kupunguza uzito. Nadhani hapo ndipo sehemu kubwa ya sifa mbaya ya rili bapa baharini ilipotoka: ubapa ulilaumiwa kwa kosa la metali. Rili bapa yenye fremu ya alumini iliyokingwa vizuri na beringi zilizozibwa haina sababu ya kufa haraka kuliko ya mviringo. Na rili ya mviringo ya bei rahisi yenye skrubu tupu itakufa, tena kwa umbo lake zuri.

Utaambiwa: "Mbona mzee fulani ana rili ya mviringo ya miaka 30 na bado inafanya kazi?" Swali zuri, lakini tunaona zile zilizobaki tu. Zilizoliwa na chumvi zilitupwa zamani, hakuna anayekuonyesha. Na mara nyingi mzee huyo anaisuuza kila jioni. Ukitaka kujua kipi kimeitunza rili, umbo au mkono wa mzee, mfano mmoja hautoshi.

Lakini kuna hoja moja ya mviringo ninayoikubali bila ubishi: kufunguka. Rili ya kawaida ya mviringo ina bao la pembeni linalotoka kirahisi, bobini inatoka, sehemu za ndani ni chache na kubwa, unaziona na kuzishika. Rili bapa nyingi zimebanwa vitu vidogo kwenye nafasi ndogo, na springi moja ikiruka kwenye mchanga, basi tena. Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, vipuri vya rili hizi mara nyingi ni vya kuagiza. Kitu unachoweza kukifungua, kukikausha na kukitia mafuta mwenyewe jioni kina thamani ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Hukumu

Kama unavua kwenye mikoko, mito ya bahari au maji ya kiunoni, unarusha chambo cha gramu 10 hadi 20 siku nzima na samaki wako wengi hawazidi kilo chache, chukua rili bapa. Utarusha mbali zaidi na mkono utachoka kidogo. Huhitaji kuomba radhi kwa mtu yeyote kwamba umeipeleka kwenye chumvi.

Kama unavua kwenye miamba au kutoka kwenye mashua, chambo ni kizito na kolekole au songoro anaweza kutokea wakati wowote, unahitaji mshipi mwingi na klachi yenye mahali pa kuweka joto. Rili ya mviringo inakupa hivyo kwa hela ndogo zaidi na inafunguka. Rili bapa kubwa ya bahari inaweza kazi hiyohiyo na inakaa vizuri zaidi mkononi, lakini mara nyingi unalipa zaidi, na fundi wake ni wa kutafuta.

Na kama ndiyo unaanza, huna aliyekufundisha na unasimama ufukweni upepo ukikupiga usoni, usinunue yoyote kati ya hizi kwa sasa. Rili ya kawaida ya bobini iliyotulia, au mshipi wa mkono, itakupa samaki wengi kuliko mafundo.

Ukienda dukani, usianze kwa kuuliza umbo. Omba kuona bobini, ipime mkononi. Uliza fremu ni metali gani. Ukiambiwa magnesi, irudishe. Uliza sahani za klachi ni za nini. Soma namba ya gia. Kisha mwombe muuzaji afungue bao la pembeni mbele yako. Akishindwa yeye kwenye kaunta kavu yenye taa, jiulize utaifunguaje wewe nyumbani usiku, mikono ina chumvi na kesho alfajiri unataka kurudi baharini.

Ukishanunua, suuza kwa maji baridi yasiyo na presha, kwa sababu presha inasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Legeza klachi ili sahani zisikae zimebanwa, kausha kivulini, tia tone la mafuta kwenye beringi. Dakika kumi kila jioni, iwe bapa au mviringo.